Nafundishaje sosholojia ya furaha bila kazi ya wanafunzi kuishia kuwa tafrija?

Chaki Nyeupe ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu. Naomba mnivumilie, maelezo yangu ni marefu kidogo.

Nafundisha sosholojia ya mwaka wa kwanza chuoni, na huu ni mwaka wangu wa saba. Mwaka jana, wiki ya tisa ya muhula, tukiwa katikati ya mada ya vifo vya uzazi, binti mmoja anayekaa karibu na dirisha alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, hivi hawa watu tunaowasoma huwa hawacheki?" Darasa likanyamaza. Hakuwa anachokoza, alitaka kujua. Usiku ule nilitandaza silabasi yangu mezani nikaipitia mada kwa mada: umaskini, ubaguzi, ukatili wa kijinsia, uhalifu, ukosefu wa ajira, maradhi. Mada kumi na mbili, na hakuna hata moja ambamo mtu anafurahi. Miaka sita nimewaonyesha wanafunzi wangu watu kwa upande wa majeraha yao tu. Hilo naliona ni kosa la kitaaluma pia, mbali na kuwa kosa la utu. Ukiisoma jamii ukakiacha kile kinachowafanya watu watamani kuamka kesho yake, umesoma nusu.

Basi muhula huu uliomalizika nilizitoa wiki nne za mwisho nikazipa furaha. Nilianza na mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, aliyeandika mwaka 1912 kwamba watu wakikusanyika na nia zao zikaelekea mahali pamoja, huzuka joto ambalo hakuna hata mmoja wao angeliwasha akiwa peke yake. Yeye alikuwa anaeleza dini; mimi darasani nililiita msisimko wa pamoja. Nikaenda kwa mwanasosholojia wa Marekani C. Wright Mills, na ile tofauti aliyoiandika mwaka 1959 kati ya shida ya mtu binafsi na suala la umma. Mtu mmoja akikosa kazi, tunatazama tabia na bahati yake. Maelfu wakikosa, tunatazama jamii ilivyopangwa. Nikawauliza: mbona furaha tumeiacha kwenye tabia na bahati? Mtaa mzima usipocheka, hilo si suala la umma? Nikamalizia na Arlie Hochschild, aliyewachunguza wahudumu wa ndege na mwaka 1983 akaonyesha kwamba tabasamu lao ni sehemu ya kazi wanayolipwa. Hapo darasa liliwaka. Wanafunzi waliowahi kusimama nyuma ya kaunta walikuwa na mengi ya kusema, wengine kwa uchungu.

Tatizo likaja kwenye vitendo. Wanafunzi 46, makundi tisa. Maagizo yangu yalikuwa sentensi moja: "Fanyeni tendo moja la kijamii litakalowaletea watu furaha, kisha mwandike ripoti." Makundi matano yalipeleka zawadi kwenye makao ya watoto, yakarudi na picha. Mawili yalibandika maneno mazuri ukutani kwenye korido. Moja liliandaa muziki uwanjani, watu wakajaa, ikapendeza kweli, lakini ripoti ilikuwa kurasa mbili za kuhesabu waliokuja na nyimbo zilizopigwa.

Kundi la tisa ndilo linaloninyima usingizi. Lilitaka kuwafanyia sherehe wafanyakazi wa usafi wa jengo letu, wanaoingia saa kumi na moja alfajiri na kuondoka kabla wengi wetu hatujafika. Walipowapelekea wazo hilo, mama mmoja mtu mzima, wa siku nyingi pale, aliwajibu kwa upole: "Asanteni wanangu. Lakini sherehe yenu ikiisha, watakaoisafisha ni sisi." Vijana waliondoka wameinamisha vichwa. Sherehe haikufanyika. Ripoti yao ilikuwa robo tatu ya ukurasa, na kwa kuwa mwongozo wangu wa kusahihisha ulidai "tendo lililokamilika", niliwapa alama ya chini kuliko makundi yote. Tangu siku ile maneno ya yule mama hayanitoki. Naamini ndani yake mna sosholojia zaidi ya ripoti zote nane zilizobaki.

Muhula ujao narudia kozi hii. Kazi niiandike vipi ili vijana watende, lakini watende wakiwa wanafunzi wa jamii na si waandaaji wa hafla? Nisahihishe kitu gani hasa? Na kuna mwenzangu idarani, mtu ninayemheshimu, anayeona kwamba kufundisha furaha wakati watu wanaumia ni anasa. Sitaki kumshinda kwa maneno, nataka kumjibu vizuri. Aliyepita njia hii anishike mkono.

---

Kalamu Nzee amejibu:

Mwalimu mwenzangu, kabla ya yote irudie ile alama. Kama taratibu zinaruhusu, ibadilishe; kama haziruhusu, waite wale vijana uwaambie kwa kinywa chako kwamba ulikosea. Kundi lile ndilo pekee lililouliza kabla ya kutenda, na liliposikia jibu likalitii. Mengine yote yanaweza kungoja.

Kazi za namna hii nimezisimamia kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku ya kwanza siandiki nadharia ubaoni. Naandika vitenzi vinne ambavyo lugha yetu imetupa bure: kufurahi, kufurahia, kufurahisha, kufurahiana. Kisha tunavikalia kimoja kimoja. Kufurahi: nani, wapi, saa ngapi, na nani hatumwoni? Kufurahia: kitu gani, na kitu hicho kimemfikiaje? Kufurahisha ndipo Hochschild anapoingia, maana palipo na wa kufurahishwa pana mwenye kazi ya kufurahisha, na mara nyingi ni mtu yule yule siku zote, awe nyumbani au kazini. Kufurahiana ni pa Durkheim. Pale watu wanapeana, na ukiuliza nani mtoaji na nani mpokeaji hupati jibu. Sasa yatazame tena maagizo yako: "litakalowaletea watu furaha". Uliagiza kufurahisha. Makundi matano yakabeba zawadi, na mawili yakabandika maneno. Vijana walikutii.

Juu ya wale watoto wa makao nina neno. Waliposimama kupigwa picha wakitabasamu, nani alikuwa kazini? Siwalaumu wanafunzi wako, nia yao ilikuwa njema. Lakini mtoto anayemwona mgeni amebeba zawadi anajua na deni lake: uso wa shukrani. Wape wanafunzi swali hilo moja, waandike ripoti upya, nawe utasoma karatasi ambazo hukuzitarajia. La muziki nalo ni hivyo hivyo. Randall Collins, aliyeliendeleza wazo la Durkheim kwa kina mwaka 2004, anasema msisimko wa namna ile unataka miili iliyo mahali pamoja, nia zinazotazama kitu kimoja, hali ya moyo inayoshirikiwa, na mpaka unaowatenga walio ndani na walio nje. Matatu ya kwanza wanafunzi huyaona upesi. La nne huwapita, kwa sababu wao walikuwa ndani. Waulize nani alipita pembeni bila kusimama, nani aliusikia muziki akiwa kitandani anaumwa, nani alibaki usiku kukunja nyaya.

Kuhusu kuiandika kazi yenyewe, nitakusimulia kundi moja tu. Niliwapeleka kwenye chumba cha kungojea cha wagonjwa wa nje, kwa idhini, wakiwa na madaftari na sharti: wiki mbili msitende lolote. Kaeni, tazameni, andikeni. Jina la mtu na ugonjwa wake visiingie kwenye daftari. Wiki ya kwanza walinijia wakinung'unika kwamba pale hakuna furaha, ni mahali pa maumivu. Wiki ya pili mmoja wao akachora ramani ya chumba, akatia nukta kila aliposikia kicheko. Nukta karibu zote zikarundikana kona moja. Kona ile ilikuwa na nini? Benchi lenye mguu mbovu. Lilikuwa limesukumwa likaegemea ukuta wa pembeni lisipinduke, kwa hiyo waliolikalia walitazamana na waliokaa benchi la jirani. Mabenchi mengine yote yalitazama skrini ya namba, na watu wakatazama skrini ya namba.

Tendo lao la kijamii likawa kuomba mabenchi manne yageuzwe. Lilichukua wiki tatu. Muuguzi msimamizi alihofia njia ya viti vya magurudumu, naye alikuwa na haki. Wakarudi na futi kamba, wakapima, wakaona la nne litaziba njia, yakabaki matatu. Siku chache baadaye mgonjwa mmoja akawaambia waziwazi kwamba akiwa na maumivu hataki kutazamwa wala kusemeshwa. Wakarudi tena kwa muuguzi, wakakubaliana safu ya nyuma isiguswe, iwe ya anayetaka utulivu. Nilipoisoma ripoti yao niliona kila nilichokuwa nataka kufundisha: kicheko kinategemea benchi limekaaje, benchi linategemea ruhusa, ruhusa ina mwenye nayo, na yuko mtu mwenye haki ya kukataa kuchangamshwa. Hawakuandika mahali popote kwamba waliwafurahisha wagonjwa.

Kusahihisha: usiitie furaha alama. Ukishaitia alama umeifanya iwe kazi ya kutoa hisia kwa malipo, kwa wanafunzi na kwa wale waliowaendea. Mimi natoa alama 40 kwa daftari la uwandani, 30 kwa jinsi mpango ulivyobadilika baada ya kuwasikiliza wenyewe, na 30 kwa uchambuzi. Tendo lililozuiwa likachambuliwa sawasawa linaweza kupata zote 100. Picha hazina alama, na picha za nyuso za watu nimezikataza kabisa.

---

Mstari wa Nyuma amejibu:

Shikamooni walimu wangu. Mimi sifundishi. Nilikuwa mwanafunzi wa kozi kama hii miaka minne iliyopita, na kuna jambo nataka kulisema kwa sababu sijaona likitajwa.

Kundi letu lilikwenda kwenye nyumba ya wazee. Tulikuwa tumeandaa michezo na nyimbo, tumefanya na mazoezi. Tulipomaliza walitupigia makofi, makofi ya adabu, yale ambayo ukiyasikia unajua. Mzee mmoja alikuwa ametukalia pembeni muda wote akichezea mkanda wa saa ya mwenzangu aliyoiacha mezani. Ilikuwa imesimama. Alipomrudishia ilikuwa inatembea. Kumbe alikuwa fundi saa maisha yake yote.

Wiki iliyofuata hatukubeba michezo, tulibeba saa mbovu. Tulizikusanya mabwenini, kumi na kitu. Akatukalisha, akatufundisha kufungua mfuniko bila kukwaruza, kushika kibano, kuhema kwa upande ili vumbi lisiingie. Alitugombeza vibaya sana, nasi tulicheka sana, naye pia. Wazee wengine wakaanza kuja kutazama, mmoja akaanza kubishana naye kuhusu mafuta. Kila Ijumaa ikawa hivyo. Tulikuwa tumekwenda tukidhani wazee wamepungukiwa na vitumbuizo, kumbe walipungukiwa na watu wa kuwahitaji. Kwenye ripoti niliandika hivyo na nikapata alama nzuri.

Halafu muhula ukaisha. Tukaingia kwenye mitihani, tukaenda likizo. Mlezi mmoja wa pale alinieleza baadaye kwamba Ijumaa ya kwanza mzee alitandika kitambaa chake mezani, akapanga vibano, akakaa mpaka saa kumi jioni. Ijumaa ya pili vile vile. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nilirudi, nikamwomba radhi, na nikaendelea kwenda kila nilipoweza hadi alipofariki. Lakini lile la Ijumaa mbili sijawahi kulisahau, na silioni kwenye ripoti yangu iliyopata alama nzuri. Mwalimu Chaki, nakuomba: wanafunzi wako waseme siku ya kwanza kabisa wataondoka lini. Na watafute atakayebaki.

---

Msomaji Mkaidi amejibu:

Nitasimama kidogo upande wa mwenzako wa idarani, kwa sababu naona hapa sote tunaelekea upande mmoja.

Hoja yake ina mizizi mirefu kuliko neno "anasa". Furaha ya wanyonge imetumika siku nyingi kuwanyamazisha. "Hawana kitu lakini tazama wanavyocheka": sentensi hiyo imewalaza usingizi mzuri watu wengi wenye uwezo wa kubadilisha mambo. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani Marekani, aliandika mwaka 1845 jinsi alivyoshangaa, baada ya kutoroka kwenda kaskazini, kuwakuta watu wanaotaja nyimbo za watumwa kama ushahidi kwamba waliridhika. Yeye aliyekuwa ndani anasema kinyume: watumwa waliimba zaidi walipokuwa na huzuni zaidi. Sasa mtume mwanafunzi wa mwaka wa kwanza uwandani na daftari, atie nukta kila asikiapo wimbo au kicheko. Atajuaje alichokisikia?

Nampongeza mwenye ramani ya hospitali, lakini kicheko kile kingeweza kuwa woga. Watu hucheka wakiogopa majibu ya daktari. Wanafunzi waliwauliza waliocheka, au waliwahesabu tu?

Sisemi mada ifutwe. Nasema Douglass asomwe wiki ya kwanza, kabla ya Durkheim, na asiyeweza kueleza kwa nini wimbo si ushahidi wa kuridhika asiruhusiwe kwenda uwandani.

---

Kalamu Nzee amejibu:

Ndugu Mkaidi, swali lako ni la haki na limenigusa. Waliwahesabu tu. Kuuliza walianza baada ya mabenchi kugeuzwa, na kwa hakika walikuta vicheko vya woga pia. Mwanamke mmoja aliwaambia alicheka kwa sababu mikono ilikuwa inamtetemeka na jirani yake aliiona, akamtania. Kuanzia sasa kuuliza kutatangulia. Na Douglass nitamweka hapo ulipomweka.

Ila kwa yule mwenzetu wa idarani ningeongeza upande wa pili. Mwaka 1955 Waafrika-Wamarekani wa Montgomery, jimbo la Alabama, waligoma kupanda mabasi ya jiji yaliyowabagua kwa rangi yao, na mgomo ukadumu siku 381. Watu walikwenda kazini kwa miguu, mvua na jua, na wengine walipoteza kazi. Hasira peke yake haimtembezi mtu siku 381. Jioni walikutana makanisani, wakaimba, wakasikilizana, wakaonana kuwa bado ni wengi. Estonia nako, kati ya mwaka 1987 na 1991, watu walidai uhuru wao kutoka Umoja wa Kisovyeti kwa kuimba; Septemba 1988 walikusanyika kama laki tatu kwenye uwanja wa nyimbo wa Tallinn, katika nchi ya watu milioni moja na nusu hivi. Hapo ndipo mimi hulileta neno shangwe. Raha mtu anaweza kuila mlango umefungwa. Shangwe inataka wengine, na wakishaionja pamoja huwa vigumu kuwarudisha kila mmoja chumbani kwake. Wanaotawala kwa mabavu wanalijua hilo, ndiyo maana hupiga marufuku nyimbo.

Kwa hiyo nisingemwambia "furaha pia ni muhimu". Ningemuuliza: mateso unayoyafundisha, watu waliyapinga kwa nguvu waliyoitoa wapi?

---

Chaki Nyeupe amejibu:

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikwenda kwanza kulifanya lile la kwanza. Matokeo yalikuwa bado hayajapitishwa. Niliandika maombi ya kurekebisha alama ya kundi la tisa na kueleza sababu bila kuzungukazunguka: mwongozo wangu ulipima kitu kisicho chenyewe. Yamekubaliwa. Vijana niliwaita, nikawaambia. Mmoja akauliza kama wanaweza kuimalizia kazi, japo muhula umekwisha na hakuna alama tena. Watatu kati ya watano wakabaki.

Tumekwenda asubuhi nne, saa kumi na moja, tukakaa ngazini. Nilimwomba mama idhini kwanza, naye akasema tukae tu lakini tusimpishe kila akipita na ndoo, tunamchelewesha. Wanafunzi walichukua lile wazo la ramani, ila kama alivyotaka Ndugu Mkaidi, kila nukta wakaiendea na swali. Jengo lina ghorofa nne na wafanyakazi wanne, kila mmoja na ghorofa yake. Nukta zote zikakaa mahali pamoja: dirisha la mlinzi, wanapochukua funguo, dakika tano au sita. Baada ya hapo kimya mpaka saa mbili. Wakichoka, kila mmoja hupumzika peke yake kwenye ghorofa yake, juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Haikuwa hivyo siku zote. Chini ya ngazi kulikuwa na chumba kidogo walichokuwa wakikutana wakimaliza mzunguko wa kwanza. Miaka miwili iliyopita kikafanywa stoo ya viti vibovu. Nimepita mbele ya mlango ule kila siku ya kazi. Mama alipotuonyesha alisema, "Humu tulikuwa tunasikilizana." Hakusema zaidi, nasi hatukumsukuma.

Vijana walitaka kuandika barua kwa ofisi ya majengo, wakaja na rasimu ya ukurasa mzima, na Durkheim akiwa aya ya pili. Wale wanne waliisoma wakakataa. Wakaandika yao, sentensi tatu: chumba kilikuwa chao, kimejaa viti, wanaomba kirudishwe. Sahihi nne. Wanafunzi wameichapa tu na kujitolea kuhamisha viti kama jibu litakuwa ndiyo. Inapelekwa Jumatatu.

Mwenzangu wa idarani nimemuuliza lile swali la Kalamu Nzee kama lilivyo. Hakunijibu pale pale. Siku ya pili alikuja na nakala yake ya Douglass, imejaa mistari ya penseli, akasema wiki hiyo anataka aifundishe yeye. Nimempa.

Na Mstari wa Nyuma, nililibeba ulilosema. Nilimwambia mama tarehe ambayo wanafunzi wataondoka, na kwamba barua ikikosa jibu mimi ndiye nitakayeifuatilia, kwa kuwa mimi nabaki. Nikamwomba akihitaji lolote aje ofisini kwangu. Nikaanza kumwelekeza, ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho kulia. Akaniambia anaijua, huifagia yeye.